Kipawa na Mazoezi

Tangu zamani watu hubishana: Je, mshindi wa michezo huzaliwa, au hufanywa na mazoezi? Habari ya warukaji wawili itatusaidia kulifahamu jambo hili.

Wa kwanza ni Stefan Holm, mtu wa Uswidi. Alianza mchezo wa kuruka juu angali mtoto, na baba yake ndiye aliyemfundisha. Kimo chake kilikuwa mita 1.81 tu, naye alishindana na watu warefu kuliko yeye. Walakini hakukata tamaa. Mwaka baada ya mwaka aliruka, akipima hatua zake, akijifunza kuukimbilia ufito kwa kasi na kuigeuza kasi ile iwe nguvu ya kumpandisha. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka 2004, katika Michezo ya Olimpiki mjini Athens, alishinda kwa kuruka mita 2.36. Mwaka 2005 mjini Madrid akavuka mita 2.40, yaani sentimita 59 juu ya utosi wake!

Wa pili ni Donald Thomas, mtu wa visiwa vya Bahama. Alikuwa mwanafunzi huko Marekani, na mchezo wake ulikuwa mpira wa kikapu. Mapema mwaka 2006 alibishana na mwenziwe kwa mzaha kama aweza kuruka juu. Akajaribu, akavuka zaidi ya mita 2, wala hakuwa amefundishwa.

Hata mwezi wa Agosti mwaka 2007 wawili hao wakakutana Osaka, Japani, kushindania ubingwa wa dunia. Thomas, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili katika mchezo ule, alivuka mita 2.35, akawa bingwa. Holm aliishia mita 2.33, akawa wa nne.

Sababu yake nini? Thomas alizaliwa na miguu mirefu, na kano ndefu ya kisigino. Kano hiyo huvutika mguu ukanyagapo, kisha hurudi kwa nguvu kama upote wa upinde, ikamrusha mtu juu. Mazoezi huweza kuikaza kano, bali hayawezi kuirefusha.

Basi, je, mazoezi ni kazi bure? Sivyo. Tazama yaliyofuata. Thomas aliendelea kuruka miaka mingi, na mwaka 2016 akafikia mita 2.37, ndio upeo wake. Miaka 9 tangu Osaka ilimwongezea sentimita 2 tu, wala hakuufikia upeo wa Holm, mtu mfupi kuliko yeye.

Kwa hiyo twaona ya kuwa kipawa humwonyesha mtu mahali pa kuanzia, na mazoezi humwondoa pale. Hakuna aliyejichagulia miguu. Basi mwenye mirefu asijivune, wala mwenye mifupi asione haya. Kumbukeni mfano wa talanta. Yule mtumwa aliyepewa mbili, akaleta mbili zaidi, hakuulizwa kwa nini hakuleta tano. Alisifiwa sawasawa na mwenzake. Aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia yake chini.