Sufuria Ngumu Kuliko Simba

Kazi yangu ni kuchora kuta za migahawa na maduka hapa Morogoro: birika linalofuka mvuke, kikombe cha chai, chapati mbili kwenye sahani, kuku mzima aliyelala juu ya ubwabwa. Watu huniita fundi maandishi, na sikatai. Ila picha hizi ni ukoo mmoja na zile ambazo Wazungu huzitundika kwenye makumbusho yao: vyombo vya nyumbani, matunda na maua vimepangwa mezani, hakuna mtu wala mnyama aliye hai, na mchoraji kavikazia macho.

Ninayempenda katika kazi hiyo ni Ștefan Luchian wa Romania, aliyezaliwa 1868. Alisoma uchoraji Bucharest, Munich na Paris, kisha, akiwa bado kijana, maradhi ya mishipa ya fahamu yakaanza kumla. Kufikia 1909 alikuwa amepooza. Inasimuliwa kwamba alifungiwa brashi kwenye kifundo cha mkono ili aendelee kuchora. Mtu wa hali hiyo hapandi vilima kutafuta mandhari. Akachora kilichokuwa mbele yake, hasa maua, mengine yakiwa ndani ya vyungu vya udongo vya wanavijiji. Alifariki 1916. Chungu chake kina uzito, na ubavu mmoja umekosa mwanga.

Ubavu huo ndio ugomvi wangu na wateja. Mama mmoja wa mgahawa nilimchorea sufuria ya wali, nikaitilia kivuli chini ili ikae mezani, isielee. Akanung'unika: "Fundi, hapo umeacha uchafu, nipigie rangi." Nikapiga. Sufuria inaelea hadi leo.

Na sufuria ya alumini ni ngumu kuchora kuliko simba. Haina rangi yake, huazima ya jirani: weka nyanya pembeni, ubavu unakuwa mwekundu, weka mchicha, unakuwa kijani. Chungu nacho, hiki kinachofinyangwa kwa mkono na kina mama wa Uluguru, kikishakaa mafigani huwa cheusi, lakini ukikipaka nyeusi tupu kinageuka shimo ukutani. Mimi huchanganya buluu na kahawia. Nachora asubuhi, mawingu yakiwa bado yamelalia milima na mwanga wa mjini ni mpole. Saa sita jua hufuta kila kitu.

Mbona basi maduka ya sanaa Dar es Salaam yamejaa twiga na tembo, kinu na mchi havionekani? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza 1968 kwa vibao vya mraba vya dari na rangi za mafuta za kung'aa, kama hizi ninazonunua kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, na mgeni hakuvuka bahari kufuata picha ya ungo. Polisi walimpiga risasi 1972, wakimdhania mhalifu, akafa. Wanyama wake wakabaki. Simlaumu. Mimi pia nachora ninacholipwa.

Siku hizi wengi hukimbilia mabango ya kuprinti, yenye picha za kuchota intaneti: sufuria za stili zenye vifuniko vya kioo, ambazo mpishi mwenyewe hajawahi kuzishika. Juzi mteja anayepikia mkaa alitaka mtungi wa gesi ukutani kwake. Nikamchorea. Mtungi ni rahisi: rangi moja, mng'ao mmoja ubavuni, na kabla ya adhuhuri nilishalipwa.