Fundo la Ulimi na Ndugu wa Kusimama Naye

Ndugu msomaji, Nabii Musa (a.s.) alipoamrishwa kumwendea Firauni, hakuuficha udhaifu wake. Suratu Twaha inatusimulia kwamba alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi ili kauli yake ifahamike, na ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Hakuambiwa abaki nyumbani kwa uzito wa ulimi. Alitumwa, na akapewa wa kufuatana naye.

Kisa hicho tunakikumbuka kila tuwaonapo ndugu zetu waliotibiwa saratani ya kinywa. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Kwa anayetoka mkoani kuja Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hiyo ni karibu miezi miwili ya kuishi ugenini. Anaporejea, jamaa humpokea kwa furaha wakidhani mtihani umekwisha. Kumbe umebadilika sura tu.

Mionzi hudhoofisha tezi za mate, kinywa kikakauka na meno yakawa mepesi kuoza. Ladha hupotea, taya hukakamaa. Aliyepasuliwa shingo huenda akashindwa kuinua mkono vizuri, na aliyekatwa sehemu ya ulimi huponyokwa na herufi. Basi muadhini huacha kuadhini, mwalimu wa madrasa huacha kusomesha, na mama aliyezoea kukaribisha watu kwenye sinia lake hujifungia chumbani na bakuli la uji. Hakuna aliyewafukuza, wamejitenga wenyewe kwa kuona haya.

Tuchukue mfano wa mbali. Mwaka 2007 Grant Achatz, mpishi mashuhuri wa Chicago, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33, aligundulika kuwa na saratani ya ulimi iliyofikia hatua ya nne. Alitibiwa kwa dawa na mionzi bila kukatwa ulimi, lakini ladha ikamtoka. Mpishi asiyeweza kuonja! Hata hivyo hakuliacha jiko. Yeye alibuni, wasaidizi wake wakaonja kwa niaba yake. Desemba mwaka huohuo alitangaza kwamba ugonjwa hauonekani tena, na mwaka 2008 alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora nchini mwake. Ladha ilimrudia polepole, ya sukari ikitangulia. Hatusemi kwamba kila mgonjwa anaweza kuepuka kisu. Hilo ni la madaktari. Tunachosema ni kwamba naye alipata wa kusimama naye.

Kurejea kwenye shughuli huanza na mambo madogo: mazoezi ya taya na bega kama alivyoelekezwa hospitali, matembezi mafupi baada ya Alfajiri, chupa ya maji karibu, chakula laini chenye mchuzi, na dawa ya meno yenye floraidi. Asing'oe jino kabla ya kumjulisha daktari kwamba alipigwa mionzi, kwa kuwa mfupa wa taya huenda usipone. Asikose kliniki, hasa miaka miwili ya mwanzo, ambapo ugonjwa hurudi zaidi. Sigara, ugoro na tambuu aviage kabisa. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani.

Ama ibada, Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Asiyeweza kutamka herufi sawasawa husoma kwa kadiri awezavyo, na katika Hadithi iliyopokewa na Bi Aisha (r.a.) tumefundishwa kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu ana malipo mawili. Aliyekaukwa na kinywa amuulize daktari na shekhe wake kabla ya Ramadhani, kwani mgonjwa amepewa ruhusa.

Sehemu iliyobaki ni yetu. Tumsikilize hadi amalize, wala tusimmalizie maneno. Tumlaze wali kwa mchuzi, kisha tule naye sinia moja bila kumkodolea macho. Ustadhi aliyepotewa na matamshi bado anazijua hukumu za usomaji. Akae mbele ya darasa, na mwanafunzi wake mkubwa asome kwa sauti chini ya uangalizi wake.

Tukitoka msikitini leo, tumtazame aliyeketi safu ya mwisho akiogopa kuamkiwa. Tumwendee, tumpe salamu, kisha tungoje jibu lake hata likichelewa.

Wabillahi tawfiq.