Giaboksi ya helikopta ipate sikio juu ya msitu wa Maniema

Kindu, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, ni mji wa mto Lualaba, reli na uwanja wa ndege. Mvua zikinyesha, barabara za Maniema hugeuka tope, na mwenye haraka hutazama angani. Ndiyo maana usalama wa helikopta hapa ni jambo la kila mtu.

Helikopta ya Mi-8, ambayo Umoja wa Mataifa umeitumia sana nchini Kongo, ina injini mbili. Moja ikizimika, ya pili hubeba mzigo. Giaboksi kuu ni moja tu. Hiyo ndiyo inayopunguza maelfu ya mizunguko kwa dakika ya turbini hadi 192 ya rota. Ikivunjika, rubani hana pa kukimbilia.

Mafundi huilinda kwa kupima oili, kunasa chembe za chuma na kusikiliza mtetemo. Lakini tarehe 29 Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norway, rota ya helikopta ya Airbus H225 iling'oka angani na watu wote 13 wakafa. Ufa ulikuwa umekua ndani ya gia. Si kinasa chembe wala kipima mtetemo kilichotoa onyo.

Sikio la ziada linaweza kuwa mtandao wa niuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Kwa kuwa giaboksi mbovu ni chache, hulishwa mitetemo ya giaboksi nzima, katika kupaa, kukata kona na kubeba mzigo mzito, mpaka izoee sauti ya afya. Mtetemo ukianza kutofautiana na ule iliouzoea, huonya, hata kama ugonjwa huo haijawahi kuuona. Kazi ngumu ni kuizuia isipige kelele ovyo, kwani rubani aliyechoshwa na maonyo ya uongo atalipuuza la kweli.

Mara nyingi takwimu za mtetemo husomwa baada ya kutua. Kwenye vituo vyenye karakana hilo linatosha siku nyingi. Lakini kutoka Kindu, safari hupita juu ya msitu usio na mtandao wa simu wala uwazi wa kutua. Kompyuta inayosikiliza lazima iwe ndani ya helikopta, na ijitegemee.

Wanaokodi helikopta kwa ajili ya Kongo waliandike sharti hilo katika mikataba, na mafundi Wakongomani wafundishwe kuisoma mitetemo hiyo. Onyo la mapema linaweza kumpa rubani nafasi ya kurudi Kindu.