Nukta Ifutwayo Kabla ya Wakati Wake

Mtu aliyekwisha kuipitisha picha katika programu ya kutambua kingo, akapata mistari minene ya nukta tatu au nne, aghalabu hutaka mistari hiyo ikonde hata ibaki nukta moja tu, kwani uti wa mstari, wala si unene wake, ndio utakaompa urefu wa barabara au mapindi ya alama ya kidole. Na kanuni mashuhuri ya kazi hiyo ni ya Zhang na Suen, iliyochapishwa mwaka 1984.

Kila nukta nyeupe hutazamwa pamoja na jirani zake 8: ikiwa zilizo nyeupe hazipungui 2 wala hazizidi 6, na ukizizunguka zote ukakuta mahali pamoja tu ambapo nyeusi hufuatwa na nyeupe, basi nukta hiyo, yakitimia na masharti mawili ya upande, hustahili kufutwa.

Kustahili, nasema, wala si kufutwa papo hapo. Na taksiri kubwa ya waandishi wa programu imo humo. Chukua ufito uliolala wenye safu 3. Programu ikifuta kila nukta mara iifikiapo, nukta ya pembe ya juu kushoto huondoka, jirani yake wa kulia akawa ndiye pembe, naye akaondoka, hata safu nzima ikaisha; safu ya kati nayo hupatwa na yayo hayo, ikasalia ya chini peke yake, ilhali uti wa haki ulikuwa katikati. Hatari ya kosa hili ni kwamba matokeo hupendeza machoni: mstari ni mwembamba kweli, ila hauko mahali pake. Sharti nukta zitiwe alama kwanza katika jedwali la pili, ndipo zifutwe zote kwa pamoja mwisho wa awamu.

Picha isipobadilika hata chembe, yamkini nyeupe imeandikwa 255 badala ya 1: jirani 3 tu hufanya 765, nayo imeizidi 6 mbali sana. Gawanya kwanza. Na picha iliyohifadhiwa kwa JPEG huwa na rangi za kijivu zilizopenya kati, basi ikatwe upya iwe 0 na 1.

Wala usitegemee macho. Chapisha picha ndogo kwa tarakimu, uisome safu kwa safu. Utie humo na mraba wa nukta 2 kwa 2, maana huo hutoweka wote katika awamu ya kwanza, kwa kuwa nukta zake nne hutimiza masharti kwa wakati mmoja. Hapo programu yako haina hatia, kasoro ni ya kanuni yenyewe.