AYURVEDA: UGANGA WA INDIA UNAOANGALIA MTU MZIMA



Dawa nyingi zinazouzwa katika inchi yetu zinatengenezwa India. Ukiangalia vizuri kwenye kartoni utaona jina hilo. Lakini India iko na uganga mwingine, wa zamani sana kuliko vidonge hivi. Jina lake ni Ayurveda, ni kusema "elimu ya maisha". Vitabu vyake vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa miaka 2000 hivi, na mpaka leo watu wengi sana wanavifuata. Una mafundisho mazuri kwa mama, tena una mambo mawili ya hatari kwa mtoto.

Waganga wa Ayurveda wanasema kila mtu ana nguvu tatu ndani yake: vata ni sawa upepo, pitta ni sawa moto, kapha ni sawa maji na udongo. Zikilingana, mtu ni mzima. Moja ikizidi, anagonjwa. Sisi wauguzi hatupimi mwili kwa njia hiyo, na hakuna mashini inayoonyesha vata. Lakini angalia maulizo yao: Unalala namna gani? Unakula saa ngapi? Choo kinatoka vizuri? Moyo una huzuni? Hawaulizi tumbo peke yake. Wengi wetu wenye kuvaa nguo nyeupe tungefaa kuuliza vile vile.

Charaka anafundisha tena kwamba macho, masikio, pua, ulimi na ngozi vinaweza kuleta ugonjwa: vikitumika kupita kiasi, vikikosa kazi, ama vikitumika vibaya. Mama aliyezaa anaelewa hilo bila kitabu. Moshi wa jikoni machoni, redio inalia usiku kucha, wageni wanajaa nyumbani: siku ya tatu hana nguvu tena. Huko India, katika nyumba nyingi, aliyezaa anapumzishwa siku 40 hivi. Wanamkanda na mafuta ya ufuta yenye moto kidogo, anakula chakula cha moto na chepesi. Hapo hatuna neno la kukataa. Na mama mkwe anayesoma karatasi hii aone pia: aliyetoka kuzaa hatumwi mtoni na bidoni ya lita 20!

Sasa hatari ya kwanza. Mafundisho ya zamani yanasema mtoto akizaliwa alambishwe asali na samli. Usifanye. Asali inaweza kuficha mbegu za mikrobu. Ndani ya matumbo ya mtoto asiyetimiza mwaka 1, mikrobu hiyo inatoa sumu: mtoto analegea, ananyonya kwa shida, pumzi inaweza kukatika. Kuchemsha asali nyumbani hakuui mbegu hizo. Mtoto apewe yale maziwa ya kwanza ya manjano ndani ya saa 1, na maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. (Maji ya sukari ya nyanya zetu nayo tuyaache.)

Ya pili inajificha zaidi. Dawa zingine za Ayurveda zinachanganywa kwa kusudi na madini: risasi, ile ya ndani ya betri ya motokari, ama zebaki. Wanayachoma mpaka yawe majivu, wakisema moto unaondoa sumu. Moto hauondoi risasi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba walipima dawa 70 za namna hiyo zilizouzwa madukani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki ama aseniki. Mama mwenye mimba akimeza risasi, inapita mpaka kwa mtoto na kuharibu ubongo wake unaojengwa. Kwa macho huioni, kwa ulimi huisikii, na neno "ya miti shamba" kwenye chupa halikulindi.

Kama unatumia unga ama vidonge vya namna hii, usione haya kutuambia. Acha kumeza kwanza, uvilete pamoja na chupa yake siku ya kupima uzito wa mtoto, tuvione.