Mwalimu Mkuu Arejee Darasani

Mzazi wa Kisarawe anapompeleka mwanawe kuanza darasa la kwanza, huwa amekabidhi amana kubwa mikononi mwa mwalimu mkuu. Lakini siku tunapoitwa kwenye mkutano wa wazazi, tunamwuliza nini mtu huyu? Twamwuliza habari za madawati, za choo, za uji wa watoto, na za jengo ambalo bado halijaezekwa. Ni nadra mno kumsikia mzazi akisimama na kusema: Mwalimu, watoto wa darasa la tatu wanasoma vipi, nawe ni lini uliingia kuwasikiliza?

Swali hilo tunaliweka mbele ya wasomaji wetu leo, tukizitazama shule za vijijini kama zile za kata ya Vihingo. Huko, mwalimu mkuu akiitwa makao makuu ya wilaya, siku hiyo imekwenda, na vipindi vyake mwenyewe vimebaki bila mtu.

Mara nyingi mwalimu huteuliwa kuwa mkuu kwa sababu alifundisha vizuri. Ajabu ni kwamba cheo hichohicho ndicho kinachomtoa darasani. Kesho yake hukabidhiwa funguo, muhuri na vitabu vya fedha. Ilipoanza elimu bila malipo Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na walimu wakuu wa shule za msingi wakapangiwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi hatulibezi. Lakini fedha huja na kazi zake: mwalimu mkuu akawa mhasibu, mnunuzi wa saruji na msimamizi wa mafundi. Hatumlaumu. Yeye hufanya kile ambacho wakubwa wake humwuliza, na kile ambacho sisi wazazi humwuliza.

Mkoa wa Pwani una bahati ya kuwa na chuo kinachohusika na jambo hili. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM, upo Bagamoyo. Kabla ya kufanywa wakala wa serikali mwaka 2001 ulijulikana kama MANTEP, jina lililobeba maana ya mafunzo ya usimamizi kwa watumishi wa elimu. Usimamizi ni lazima ujulikane, kwani shule isiyo na hesabu safi haina amani. Lakini kusimamia shule ni jambo moja, na kuongoza ufundishaji ni jambo jingine.

Kuongoza ufundishaji maana yake ni nini? Mwalimu mkuu hulisoma andalio la somo kwa makini badala ya kulipiga sahihi tu. Huketi nyuma ya darasa tangu somo linapoanza hadi linapokwisha, hufungua madaftari ya watoto watano au sita, kisha humwita mwenzake faraghani na kumwambia: hapa uliwaacha nyuma, kesho tujaribu njia hii. Wiki ifuatayo hurudi kutazama.

Tusidhani kwamba kuchungulia dirishani kunatosha. Mwaka 2013 Jason Grissom, Susanna Loeb na mwenzao walichapisha utafiti wa shule zipatazo 100 za Miami, Marekani, ambako wakuu wa shule walifuatwa hatua kwa hatua siku nzima. Muda uliotumika kupitapita madarasani haukuleta faida, na ulikwenda sambamba na maendeleo duni ya wanafunzi. Muda uliotumika kumwelekeza mwalimu juu ya kazi yake ndio uliokwenda pamoja na maendeleo. Kabla yao, mwaka 2008, Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walizipima tafiti nyingi kwa pamoja, wakaona kwamba katika yote afanyayo kiongozi wa shule, hakuna lililowanufaisha wanafunzi kuliko kuhimiza mafunzo ya walimu wake na kushiriki mwenyewe, akiketi nao na kujifunza nao.

Wazazi wa Kiislamu hawahitaji kwenda Miami ili kulielewa hili. Katika chuo cha Korani mtoto husikilizwa mmoja mmoja. Akikosea herufi hurudishwa papo hapo, wala haendi mbele mpaka alichopewa kimekaa. Mwalimu wa chuo anajua kila mtoto amefika wapi.

Ndiyo maana tunaupokea kwa matumaini mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambao walimu wa shule moja huketi pamoja katika jumuiya ya ujifunzaji, huchagua mada inayowasumbua na kuitafutia njia. Mradi wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza na ulioanza mwaka 2022, uliiweka Pwani miongoni mwa mikoa yake tisa. Lakini kikao hicho kikiachwa mikononi mwa mwalimu wa taaluma peke yake, huku mkuu akiwa anafukuzana na fundi, hakitachukua muda kugeuka kuwa mahudhurio ya karatasini.

Kisarawe imewahi kuonyesha kwamba ikiamua, huweza. Kampeni ya Tokomeza Ziro, iliyoanzishwa wakati Jokate Mwegelo akiwa Mkuu wa Wilaya, ilikusanya michango, na wilaya ikapata sekondari ya wasichana iitwayo kwa jina lake. Tungependa kuona juhudi kama ile ikielekezwa pia katika kumpunguzia mwalimu mkuu kazi za ofisini: kamati ya shule imsaidie kumsimamia fundi, na Afisa Elimu Kata amfuate shuleni badala ya kumwita.

Muda wenyewe ni mfupi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Madarasa mawili yatatoka kwa pamoja, katika shule ileile, chini ya mwalimu mkuu yuleyule.