Malewa ya Sambaza huko Sake

Msafiri atokaye Goma kwenda Masisi, baada ya mwendo wa kilometa 25 hivi, hufika Sake, mahali njia zigawanyikapo. Kuna njia ipandayo milimani kuelekea Masisi na Walikale, tena kuna ile ifuatayo ziwa hata Minova na Bukavu. Hapo magari husimama, wachukuzi hufunga upya mizigo yao, na harufu ya samaki wa kukaangwa humpokea mgeni kabla hajaamkiwa na mtu.

Wasomaji wapenzi, twataka kusema juu ya nyumba ndogo za chakula ziitwazo malewa, na hasa juu ya moja tuijuayo. Jina lake hatulitaji, kwa maana wenyewe ni watu wa kimya. Ni kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, chenye meza nne na mabenchi. Baba huenda ufukoni alfajiri kununua samaki, mama hukaanga, binti mkubwa hupokea franka, wadogo huosha sahani watokapo shuleni. Hapana mtumishi wa kuajiriwa.

Chakula chenyewe ni kile kile miaka yote. Sambaza huoshwa, hutiwa chumvi, hukaangwa wazima katika mafuta hata wakauke na kulia menoni, kichwa na mkia pamoja. Huletwa na ugali wa mihogo au viazi vya Masisi, na pilipili kando. Atakaye mchuzi hupikiwa kwa nyanya na mawese. Siku za Ijumaa za Kwaresima yafaa kuwahi, ama sivyo utakula umesimama.

Wanafunzi watapenda kujua ya kuwa samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Ziwa hili, lililo juu kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, lina kina cha mita 480 na zaidi, lakini vilindi vyake vimejaa hewa ya metani na kaboni, wala samaki hawawezi kuishi huko. Huishi katika maji ya juu tu. Zamani sehemu ya katikati ya ziwa ilikuwa kama shamba lisilolimwa. Basi kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walileta vifaranga vya ndagala wa aina mbili kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja ilipotea. Ile nyingine ilishika maskani, nayo ndiyo sambaza wetu. Leo bibi na mjukuu humla kana kwamba babu zao walimla tangu mwanzo!

Wavuvi humtafuta usiku. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, na sambaza huufuata mwanga hata juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, na wavuvi hurudi na kidogo. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, mama wa malewa hujulikana. Wako wachanganyao samaki wa jana na wa leo na kuficha harufu kwa pilipili nyingi. Mama huyu husema waziwazi, "Leo hakuna sambaza, baba, kuna maharagwe." Wateja hunung'unika, hula maharagwe, na kesho hurudi. Tena kipimo chake hakibadiliki: sahani ya dereva mwenye noti nyingi na sahani ya mchukuzi ni sawasawa.

Ukipanda hata Walikale, mambo ni mengine. Huko ni nchi ya msitu, na samaki hutoka katika mito Lowa na Oso. Wengi hukaushwa kwa moshi, na wengine hufungwa katika majani na kuwekwa juu ya makaa. Sambaza hufika huko wakiwa wakavu, ndani ya magunia. Barabara ni mbaya mno, na wakati wachimbaji walipojaa katika mlima wa Bisie kutafuta kasiteriti, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo. Twawahurumia wenzetu, kwa maana sambaza mkavu si sambaza wa Sake.

Lakini njia panda huleta wateja na huleta majeshi pia. Vita viliifikia Sake mwaka 2006, vikairudia mwaka 2012. Februari 2024 wakazi wengi walikimbilia kambi za kando ya Goma, na familia hii pamoja nao, mama akibeba kikaango kikubwa kichwani. Jirani mmoja alimcheka: mbona hakuchukua godoro? Alijibu kwamba godoro halilipi karo ya shule. Kambini alikaanga kidogo kidogo, kwa mafuta ya kukopa, na watoto wawili hawakuacha kusoma. Januari 2025 M23 waliiteka Sake, kisha Goma; mwezi uliofuata watu wa kambini waliambiwa waondoke, nao wakarudi makwao.

Familia ilikuta kuta tu. Mabati hayakuwako, meza zilikuwa zimekwisha kuwa kuni, na daftari la madeni lilikuwa limepotea. Walitandaza turubai, wakapanga mawe matatu, na baba akashuka ufukoni. Katika juma la kwanza alikuja dereva mmoja wa njia ya Masisi, akala, kisha akatoa pesa za sahani tatu. Binti alitaka kumrudishia. Dereva akasema kwamba sahani mbili ni za tangu kabla ya kukimbia, je, hawakuandika? Mama hakukumbuka. Alizipokea hata hivyo, akamtuma mtoto mafuta.